Maumivu yanayofuata giza: kisa cha mkono wa mvuvi wa dagaa

Mgonjwa ni mvuvi wa dagaa, mwanamume wa miaka 38, baba wa watoto wanne, kutoka mwalo mmoja, yaani bandari ndogo ya wavuvi, wa upande wa Ilemela, Mwanza, ukishapita Igombe kuelekea Kayenze. Mkono wake wa kushoto uliumia ziwani usiku wa dhoruba. Alipofika kwangu zahanati, kidonda kilikuwa kimeshafunga na picha ya eksirei ilionyesha mfupa umeunga. Kilichobaki ni maumivu. Nilipomwomba ayapime kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, aliyapa 9. Nikamuuliza ya usiku ule wenyewe, mfupa ukiwa umevunjika na ngozi imechanika, angeyapa ngapi. Akafikiri kidogo, akasema labda 2.

Ninamwandika kwa ridhaa yake, na mambo kadhaa yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha.

Kwa asiyeujua uvuvi wa dagaa: kazi hufanyika usiku wa giza. Taa huelea juu ya maji, dagaa hufuata mwanga, nyavu hushushwa na kuvutwa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Mwezi ukiwa mkubwa, taa hazina nguvu ya kuwakusanya dagaa, basi watu hupumzika na kushona nyavu. Ndiyo maana mwaloni mwezi una sehemu mbili tu, giza na mbalamwezi, na deni la dukani, sare za shule, hata mahari, hupangwa kwa kusubiri giza. Msomaji alishike hili, litarudi.

Upepo uliwakuta karibu na alfajiri. Saa hizo Ziwa Victoria lina tabia mbaya: usiku hewa ya nchi kavu hushuka kutoka pande zote kuelekea majini, hukutana katikati ya ziwa, hupanda, na mawingu ya radi hujijenga. Wakaamua kung'oa nanga wakimbie. Yeye ndiye aliyeshika kamba. Wimbi likainua omo ya mtumbwi, kamba ikakaza ghafla na kuubana mkono wake kwenye ukingo wa mbao. Kidole cha kati kilivunjika pingili ya kwanza, na ngozi ya kiganja ikafunguka. Akauchomoa mkono, akachukua ndoo, akachota maji kwa mikono yote miwili mpaka wanagusa mchanga. Nyavu na taa waliziacha ziwani.

"Nilihisi kama kamba imenikwaruza tu, dokta. Macho yangu yalikuwa kwenye maji yanayoingia."

Mwaloni kulikuwa na akina mama wanaosubiri mzigo. Mmoja akammulika kwa tochi ya simu, akapiga yowe: "Baba we, mkono wako!" Akautazama. Damu ilikuwa imeteremka hadi kwenye kiwiko. Hapo, anasema, maumivu yakaja yote kwa pamoja, akakaa chini.

Wenzake wanalieleza hilo kwa kusema damu ilikuwa bado ya moto. Si maelezo mabaya, ila kuna zaidi. Mwaka 1946 daktari wa Marekani, Henry Beecher, alichapisha aliyoyaona kwa askari waliojeruhiwa vibaya katika Vita Kuu ya Pili. Alipowauliza muda mfupi baada ya kuumia kama maumivu yao yanahitaji dawa, ni karibu robo yao tu waliosema ndiyo. Na si kwamba miili yao ilikuwa imekufa ganzi, kwa sababu askari hao hao walilalamika mhudumu alipowachoma sindano vibaya. Beecher alikuja kuwalinganisha na raia waliofanyiwa upasuaji hospitalini, ambao vidonda vyao havikuwa vikubwa kuliko vya askari, na raia walitaka dawa kwa wingi zaidi. Maelezo yake yalikuwa kwamba kwa askari jeraha lilimaanisha ametoka vitani akiwa hai, na kwa raia lilimaanisha balaa limeingia nyumbani.

Njia ambayo jambo hilo hupitia mwilini sasa inajulikana kiasi. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba taarifa za jeraha hazipandi moja kwa moja hadi kwenye ubongo, kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna mahali zinapoweza kuzuiwa au kuachiwa, na kwamba ubongo wenyewe una sauti katika uamuzi huo. Baadaye ikaonekana kwamba kutoka kwenye shina la ubongo kuna njia inayoshuka hadi kwenye uti wa mgongo na kuzizima taarifa hizo, na mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, wakiwa Aberdeen, walitambua kemikali za mwili zinazofanya kazi kama mofini. Mtu aliye katika hatari ya papo hapo, anayepaswa kuchota maji au azame, hufungiwa maumivu na mwili wake mwenyewe. Hakuna ujasiri wa pekee hapo, ingawa mvuvi wetu alipenda kuuona hivyo na mimi sikumpinga.

Kidonda kilishonwa siku hiyo hiyo, akachomwa sindano ya pepopunda, kidole kikafungwa pamoja na jirani yake juu ya kibao. Kwa kuwa kidonda kilikuwa kimelowa maji ya ziwa, alipewa dawa ya kuzuia maambukizi. Yote yalikwenda kama yanavyopaswa kwenda, na sehemu hii ya kisa haina la ajabu.

La ajabu lilianza pale alipoambiwa amepona. Maumivu, ambayo wiki za mwanzo yalikuwa yakipungua, yakaanza kupanda. Alipoletwa kwangu na mkewe, miezi mitatu na kitu baada ya dhoruba, alikuwa ameuweka mkono kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mkewe alikuwa ndiye anayemfunga vifungo vya shati.

Kabla ya mtu kutamka neno hisia mbele ya mgonjwa wa namna hii, anapaswa kwanza kuutendea haki mkono. Nilitafuta usaha uliojificha, sikuuona. Nilipima mishipa ya fahamu kwa pamba na kwa ncha butu ya sindano, kila kidole kilihisi. Nililinganisha mikono miwili kwa rangi, joto, jasho, nywele na uvimbe, kwa sababu kuna ugonjwa wa maumivu unaoweza kufuata mvunjiko, ambapo mkono hubadilika rangi, huvimba na kutoka jasho kivyake, na huo una tiba yake na haungoji. Hakuwa nao. Nilichokiona ni kidole cha kati kisichopinda hadi mwisho, na misuli ya kiganja iliyoanza kunyong'onyea kwa kutotumika.

Alisema pia jambo ambalo wengi wangelipita. "Ukali wake si kama wa mwanzo," alisema. "Ila siwezi kuuvumilia."

Sentensi hiyo ina pande mbili ambazo maabara zimewahi kuzitenganisha. Mwaka 1997 Pierre Rainville na wenzake walichapisha jaribio ambapo watu waliolazwa usingizi wa maneno, yaani hipnosi, walitumbukiza mkono kwenye maji ya moto. Walipoambiwa kwamba maji yanakera zaidi au yanakera kidogo, kero waliyoisikia ilibadilika bila ukali wa moto kubadilika vile vile, na sehemu moja ya mbele ya ubongo, ile inayohusika na namna jambo linavyotuudhi, ilifuata kero hiyo. Kwa hiyo namba 9 aliyonipa haikuwa ndoo ya dagaa inayoweza kupimwa tena na mtu mwingine ikatoka vile vile. Ndani yake kulikuwa na ukali kiasi fulani na kero kiasi fulani, na kwa mkono huu kero ilikuwa imekula sehemu kubwa.

Ufunguo aliuleta mkewe. Alisubiri mume atoke nje kujibu simu, akasogeza kiti.

"Samahani dokta, mimi naona huu mkono unakwenda na mwezi."

Alikuwa na ushahidi. Jirani yao mwenye duka la dawa huwakopesha vidonge vya maumivu, diklofenaki, na kuandika kwenye daftari, na mke alikuwa ameupiga picha ukurasa wao kwa simu yake. Tarehe zilikuwa zimesongamana mahali pamoja, kisha nafasi tupu, kisha zikasongamana tena. Kwa familia ya mume hiyo ilikuwa dalili tosha kwamba kuna mkono wa mtu. Walishampeleka kwa mganga, na mganga akasema kuna mwenzake wa mtumbwini asiyemtakia mema.

Nikachukua kalenda iliyokuwa ukutani, nikazilinganisha tarehe. Vidonge vilikuwa vikikopwa siku za mwisho za mbalamwezi na kuendelea hadi giza linapokolea, yaani zile siku ambazo mitumbwi inarudishwa majini, mafuta ya injini yanapimwa, na tajiri, yaani mwenye mtumbwi na nyavu, anapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anatoka. Mwezi ukiwa mkubwa na mwalo umelala, mkono nao ulitulia. Mkono ulikuwa ukifuata ratiba ya kazi.

Sikutaka kulisema hilo bila kulijaribu. Alipokuja tena, nilimpa kwanza bandeji iliyokunjwa, nene kiasi cha kamba ya nanga, nikamwambia aiminye. Aliiminya vizuri, kwa maumivu ya 4. Kisha nikatoa kipande cha kamba ya nailoni, ya unene ule ule, nikakiweka mezani. Alikuwa hajakigusa, bega la kushoto likapanda, pumzi ikakatika, na kiganja, kile kile kilichokuwa kikavu dakika moja iliyopita, kikang'aa kwa jasho. Alipokifumba, maumivu yakawa 8, akakiachia. Unene mmoja, nguvu moja, vidole vile vile.

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Husema hofu huongeza maumivu, kisha wanashindwa kueleza kwa nini usiku wa dhoruba, alipokuwa na hofu kuliko siku zote, hakuumia. Jamie Rhudy na Mary Meagher walilijaribu jambo hili mwaka 2000. Kundi moja lilipigwa shoti kidogo za umeme, kundi jingine lilitishiwa tu kwamba shoti zinakuja na hazikuja. Kisha wakapima kila mtu anastahimili joto kwenye kidole kiasi gani. Waliopigwa shoti wakastahimili zaidi. Waliokaa kusubiri wakaumia upesi zaidi. Hofu ya kitu kilichokwisha kukufikia hufunga maumivu, na wasiwasi wa kitu kinachokuja huyafungua.

Mvuvi wetu alikuwa amepitia makundi yote mawili, kwa mkono mmoja. Ziwani alikuwa kundi la kwanza. Nyumbani, kila giza linapokaribia, alikuwa kundi la pili, na jaribio la nyumbani halikuwa na mwisho.

Wasiwasi nao una njia yake mwilini. Mwaka 1978 Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields walichunguza watu waliong'olewa meno, ambao nafuu yao ilitokana na kuamini tu kwamba wamepewa dawa. Walipopewa naloksoni, dawa inayozuia mofini, nafuu hiyo ilipungua. Maana yake imani iliyatuliza maumivu kwa kemikali za kweli. Fabrizio Benedetti, huko Torino nchini Italia, alionyesha upande wa pili: mgonjwa akiambiwa atazidi kuumia, huumia zaidi, na kemikali iitwayo kolesistokinini ina mkono wake hapo, kwa sababu dawa inayoizuia huondoa ongezeko hilo.

Nikiyajua hayo, niliorodhesha maneno aliyoambiwa mgonjwa tangu aumie. Mhudumu mmoja alimwambia mfupa wa hapo "huwa haurudi kama zamani". Mganga alimwambia ana adui ndani ya mtumbwi. Tajiri alimwambia mkono umepona, anadeka, na deni la nyavu linamsubiri. Koti jeupe, usinga na bahasha ya fedha, wote walimpa kitu kimoja: baya la kulisubiri. Nasema hivi kwa sababu sisi wa zahanati tunapenda kumcheka mganga. Angempa neno la matumaini, pengine mkono ungepata nafuu kwa siku kadhaa. Alimtajia adui, na adui huyo alikuwa mtu ambaye angelazimika kuvuta naye nyavu gizani.

Kuhusu tajiri nina la kuongeza. Shutuma yake haikuwa ya kijinga. Ni kweli kwamba mkono ukiuma, suala la nani alipe nyavu na taa lilikuwa linasogezwa mbele. Lakini mtu anayejifanya hatoi jasho kiganjani kwa kuona kamba, wala hakopi diklofenaki zinazomchoma tumbo. Wasiwasi wa deni ulikuwa sehemu ya maumivu yenyewe. Shirika la kimataifa la wataalamu wa maumivu, IASP, katika maelezo yake yaliyorekebishwa mwaka 2020, linayaita maumivu hali isiyopendeza ya mwili na ya hisia kwa pamoja, na linaongeza kwamba mtu anapoeleza maumivu yake, maelezo hayo yaheshimiwe. Zahanati nyingi bado zinagawanya watu kwa makundi mawili, wenye maumivu na wenye mawazo. Mgawanyo huo ni wa uvivu.

Nilimwambia mambo mawili: mkono umepona, na maumivu ni ya kweli. Alinitazama kama anayesubiri nichague moja. Nikamrudisha kwenye usiku wa dhoruba. Nani aliyafunga maumivu wakati ule, mfupa ukiwa vipande viwili? Si dawa, si mtu. Ni kichwa chake kilichoona kuna la muhimu zaidi. Kichwa hicho hicho sasa kinaona kamba na kusema tusirudie. Alikaa kimya, kisha akacheka. "Kumbe kinanilinda."

"Kinakulinda kupita kiasi," nikamwambia.

Kwanza lilishughulikiwa deni. Mimi si mtu wa nyavu, lakini kila mwalo una kikundi chake cha usimamizi wa uvuvi, BMU, na viongozi wake wanaheshimika. Waliwakutanisha mvuvi na tajiri. Yalisemwa mengi nisiyoyajua, ila makubaliano yalikuwa kwamba hasara igawanywe, tajiri abebe sehemu kubwa, na mabaharia wakatwe kidogo kidogo kila giza. Wiki iliyofuata alinipa 5. Sikuwa nimebadilisha dawa yoyote, zaidi ya kumsimamisha diklofenaki na kumpa parasetamoli kwa siku mbaya.

Kisha kazi ya mkono ikaanza, kwa ngazi. Njia hii hutumika sana kwa watu wenye maumivu ya mgongo wanaoogopa kuinama: mtu hukaribia kile anachokiogopa hatua kwa hatua, na kila hatua hukaa mpaka mwili uone hakikutokea alichokitarajia. Kwake ilikuwa kipande cha kamba kikae nyumbani, kwenye kiti anachokalia jioni. Kisha ashone nyavu, mchana, na wenzake, wakati wa mbalamwezi. Kisha akae ndani ya mtumbwi uliofungwa. Kisha atoke mchana maji yakiwa shwari, na yeye ndiye ashike kamba ya nanga. Giza likawa la mwisho. Mkewe niliomba aache kumfunga vifungo, na lilikuwa ombi gumu kwake kuliko nilivyodhani. "Ataniona simjali, dokta." Tulikubaliana aache vifungo, aendelee na uji.

Kuwaweka wenzake humo kulikuwa na sababu. Mwaka 2010 Emma Cohen, Robin Dunbar na wenzao walipima wapiga makasia wa Oxford baada ya mazoezi ya peke yao na baada ya mazoezi ya pamoja. Juhudi ilikuwa sawa, lakini baada ya kupiga kasia pamoja walistahimili maumivu zaidi. Mtu yeyote aliyewahi kuvuta nyavu kwa kuitikiana hahitaji kwenda Oxford kulijua hilo. Kwa mgonjwa huyu kulikuwa na faida ya ziada: mwenzake aliyetajwa na mganga, bila kutajwa jina, angeweza kuwa yeyote kati ya wanne, na alipokaa nao kushona nyavu siku baada ya siku, shaka hiyo ikakosa mahali pa kukaa. Hakuniambia iliisha. Aliniambia mmoja wao ndiye anayemletea samaki.

Haikwenda kwa mstari ulionyooka. Alipofika ngazi ya kutoka mchana, kukazuka habari ya mtumbwi wa kisiwa cha jirani uliopinduka, na maumivu yakarudi 8 kwa siku tatu, ingawa hakuwa ameshika chochote. Watu wa kandokando ya ziwa hili wana kumbukumbu ya MV Bukoba ya 1996 na MV Nyerere ya 2018, na habari ya mtumbwi mmoja huziamsha zote. Tulirudi ngazi moja nyuma, kwenye nyavu, tukaanza tena.

Sasa anatoka gizani. Amehamia mtumbwi mwingine, kwa hiari, na deni analilipa. Usiku wa kawaida maumivu ni 1 au 2, upepo ukianza ni 4, na anasema ile 4 anaijua inatoka wapi, kwa hiyo haimtishi. Daftari la duka la dawa halina jina lake kwa muda mrefu.

Kidole cha kati bado hakipindi hadi mwisho. Hicho hakihusiani na wasiwasi: kano imeshikana na kovu, na mazoezi ya nyumbani hayajaweza kuiachanisha. Nimemwandikia rufaa kwa wataalamu wa viungo mjini. Ameomba aende mbalamwezi, asipoteze giza.